Milioni Tatu Kwenye Sinia

Kwa msomaji aliyekosa gazeti wiki iliyopita, mambo yangu yamefika hapa.

Mimi ni fundi wa mashine za kushonea magunia. Msimu wa korosho ukifika, kila ghala la Mtwara lina mashine hizi ndogo za kushika mkononi, na kila mashine ina siku yake ya kugoma. Sijaajiriwa na mtu. Naitwa, natengeneza, nalipwa, naondoka.

Msimu uliopita mashine zote za ghala moja karibu na bandari ziligoma meli ikiwa imeshafunga gatini. Meneja wa ghala lile ni Kassimu, mtoto wa mama mkubwa wa mke wangu Hafsa. Kwa hiyo ni shemeji yangu. Sikutoka pale mpaka gunia la mwisho likashonwa. Kazi ile haikuwamo kwenye mkataba wangu, na Kassimu alilijua hilo. Akanishika bega.

"Shemeji," akasema, "hii ina asante yake. Utaiona."

Nikaiona harusini, kwetu Mikindani. Siku binti yangu Fauzia anaolewa, mshereheshaji aliita ukoo wa mama uje kutuza. Kassimu akaja akicheza, kanzu mpya, akazimwaga noti kwenye sinia mbele ya miguu yangu. Zikahesabiwa pale pale, mshereheshaji akatangaza milioni tatu. Vigelegele vilivuka barabara.

Kwetu, kinachoingia kwenye sinia siku ile ni cha bi harusi. Baba hagusi. Nami sikugusa. Fauzia na mumewe wakaanzia maisha.

Baadaye nikaenda kuomba cheti cha kutodaiwa kodi. Chama cha ushirika kinatafuta fundi mmoja wa mashine zake zote kwa msimu mzima, na bila cheti maombi hayapokelewi. Mwisho wa kuyapeleka ni Ijumaa. Cheti kikakwama. Kampuni ya Kassimu ilikuwa imeandika kwamba imenilipa milioni tatu kwa kazi. Nikaandika maelezo kwa mkono wangu kwamba sikulipwa kitu. Nilituzwa.

Nilidhani nimemaliza. Jumanne nikaitwa tena.

*

"Shikamoo, mzee Shaibu. Karibu ukae," alisema Witness, ofisa wa kodi aliyepokea maelezo yangu. Ni binti mdogo, amehamia Mtwara kikazi, anazungumza taratibu kama anayeogopa kukuamsha.

"Marahaba."

"Nimesoma ulichoandika. Huyu aliyekutuza ni nani wako?"

"Shemeji yangu."

"Na kwenye kampuni iliyosema imekulipa, yeye ni nani?"

"Meneja."

Akaweka kalamu chini. "Unaona panapobana?"

"Naona. Lakini kwetu mtu akimwaga pesa kwenye sinia, hiyo ni zawadi. Hakuna anayemuuliza ameitoa wapi."

"Basi mimi ndiye ninayeuliza, mzee wangu." Akatabasamu kidogo. "Sheria haijali sinia. Kama shemeji yako alitoa mfukoni mwake kwa sababu mwanao anaolewa, hayo ni mambo ya familia, siyaingilii. Lakini kama kampuni ilitoa kwa sababu ulitengeneza mashine, hayo ni mapato yako. Hata kama yametolewa mara moja tu. Hata kama hayamo kwenye mkataba. Hata kama yameletwa kwa ngoma."

"Hata kama sikula shilingi?"

"Hata kama uliyatupa baharini. Yakishakuwa yako, unakoyapeleka ni juu yako."

Maneno yale yalikuwa mazito, lakini hayakuwa na dharau ndani yake. Huwa nayatofautisha hayo mawili.

"Sasa unataka nini kwangu, dada?"

"Barua moja tu. Kampuni iandike kwamba ni malipo ya kazi, na kama ilizuia ile asilimia tano inayotakiwa, tutakuhesabia. Au shemeji yako aandike kwamba ni pesa yake mwenyewe na ni zawadi. Yoyote utakayoleta kati ya hizo, mradi iwe ya kweli, nafunga jalada na cheti unapata."

"Zote mbili anaandika mtu mmoja."

"Basi umerahisishiwa," akasema Witness.

Sote wawili tuliamini hivyo.

*

Jumatano asubuhi nilikuwa mlangoni kwa Kassimu. Ofisi yake ina kiyoyozi na kiti kikubwa ambacho hakijabanduliwa nailoni tangu kinunuliwe. Akijigeuza, kinalia.

"Fundi sindano!" aliita. "Leo hakuna mashine iliyokufa. Umekuja kuiua mwenyewe?"

Makuli wawili waliokuwa wakisubiri saini wakacheka. Ingekuwa saini iko kwangu, wangecheka utani wangu.

"Nimekuja kwa barua, shemeji."

Akawatoa makuli nje bila kuwapa saini. Nikamweleza alichosema ofisa wa kodi, neno kwa neno. Alisikiliza huku anaandika kwenye simu moja na kuitazama ya pili.

"Niandikie kwamba ni zawadi yako," nikasema. "Yaishe."

"Siwezi. Makao makuu watauliza milioni tatu za kazi zilikwenda wapi."

"Basi andika kwamba ni malipo ya kazi."

"Siwezi."

"Kwa nini?"

"Shemeji! Mikindani nzima iliniona nikituza. Mpaka leo nikipita mtaani naitwa Milioni Tatu. Unataka waambiwe nilikuwa natangaza ujira wa fundi?"

"Lakini ndicho ulichofanya."

"Usinifundishe nilichofanya. Mimi nina shahada."

Sikujua shahada inaingiaje hapo. Nilingoja aeleze. Hakueleza.

"Sikiliza nikusaidie," akasema, sasa kwa sauti ya kumbembeleza mtoto. "Kodi ni ya pesa za mkataba. Za pembeni ni za pembeni. Ndiyo maana zinaitwa za pembeni. Hilo hata mlinzi wangu analijua."

"Ofisa amesema vingine."

"Ofisa! Kasichana kamekuja juzi, hakajui hata samaki wa huku. Wewe rudi, mwambie umesahau, umri umekwenda. Watu wa aina yako wanaaminika wakisema wamesahau."

"Watu wa aina gani?"

"Watu wa mikono, shemeji. Usikasirike. Kuna watu wa mikono na watu wa kichwa. Ukoo unahitaji wote."

Kiti kikalia. Nikaaga.

Kwenye mizani nilimkuta Gladness, mhasibu wao, ananisubiri huku anajifanya anatazama magunia. Mama huyu hajawahi kuniita jina la utani.

"Mzee Shaibu, malipo yako niliyaandaa mimi," alisema. "Kazi ya dharura ya mashine. Nilikata asilimia tano nikaipeleka inakotakiwa. Zikatoka milioni mbili na laki nane na nusu, taslimu. Meneja alisema atakufikishia mwenyewe kwa kuwa ni ndugu."

"Cheti cha hiyo iliyokatwa kipo?"

"Kiko mezani kwake. Kinasubiri saini. Nimemkumbusha mpaka nimeonekana nina langu."

Nikamshukuru. Kwa hiyo pesa ilikuwa ya kazi. Maelezo niliyoandika kwa mkono wangu kwa Witness hayakuwa kweli, ingawa sikujua nilipoyaandika.

Sipendi kumdharau mtu haraka. Njia nzima ya kurudi Mikindani nilijaribu kumtetea Kassimu. Nikasema labda anaogopa wakubwa wake. Lakini anayeogopa wakubwa wake hatangazi pesa yao kwa kipaza sauti. Nikasema labda aliona aibu kunilipa mkononi kwa kuwa ni ndugu. Lakini aibu hiyo haikumzuia kucheza. Nikasema labda alitaka kumfurahisha Fauzia. Hapo nilikaa kidogo, maana nilitaka iwe kweli. Ila Fauzia angefurahi hata kama baba yake ndiye angempa.

Nilipofika nyumbani nilikuwa nimebaki na mtu asiyeweza kusema kweli wala uongo, kwa sababu vyote viwili siku hiyo vilihitaji saini.

*

Hafsa alikuwa kibarazani anamenya mihogo.

"Amekataa," nikamwambia.

"Barua ipi?"

"Zote mbili."

Kisu hakikusimama. "Basi achana nayo. Ushirika wenyewe wanalipa kwa kuvutana."

"Wewe ndiye uliyeniambia niombe ile kazi."

"Nilikwambia kabla sijajua ina maneno."

"Vipuri nimeshachukua Mtwara mjini kwa mali kauli, Hafsa. Nisipopata kazi ya ushirika nitavilipa kwa nini?"

"Rudisha vipuri."

"Vingine nimeshafunga kwenye mashine za watu."

Sasa akasimamisha kisu. "Baba Fauzia, mwanao ameingia nyumba ya watu. Unajua mama mkwe wake anamtambulishaje kwa wageni? Anasema, huyu ndiye ambaye mjomba wake alimwaga milioni tatu. Kila mgeni. Leo wasikie kwamba ilikuwa pesa ya kazi ya baba yake imevalishwa kanzu, Fauzia atakaaje mle?"

"Atakaa kama binti wa fundi. Ndivyo alivyo."

"Wewe hukuwapo siku walipoleta sanduku la bi harusi. Wanawake wa upande ule walikuwa wanatuza kwa zamu, na kila aliyemaliza ananitazama mimi. Mmoja akaniuliza, bibiye, kwenu wana nini, sindano?" Akaokota muhogo mwingine. "Mimi nilicheka nao. Ungenionaje."

Nilimhurumia. Nilidhani ananieleza aibu iliyopita. Nilikuwa sijui kwamba ananieleza sababu.

"Nitazungumza na mama mkubwa," akasema mwishowe. "Kassimu humsikiliza mama yake."

*

Alhamisi baada ya alasiri tulikaa kwa Bi Mwanaidi, mama yake Kassimu. Ni nyumba ya mawe, mlango mzito, na dirisha moja linaloangalia uwanja wa majirani. Bi Mwanaidi alikalia kitanda cha kamba. Kassimu akachukua kiti pekee. Mimi na Hafsa tukakaa mkekani.

Alianza mama mkubwa.

"Baba Fauzia, umri huu nilionao sijaona ntu aliyetuzwa akadai risiti."

Kassimu akacheka mpaka akajipiga paja.

"Sidai risiti, mama," nikasema. "Naomba barua. Kesho ndiyo mwisho."

"Barua ya nini? Pesa si alitoa? Si tuliiona? Au sinia lilikuwa tupu, sisi tukapiga vigelegele vya bure?"

"Halikuwa tupu."

"Basi ntu akikutuza unasema asante, unakaa kimya. Mwanangu ametuinua, nyie mnataka kumpeleka serikalini!"

"Mama, usimlaumu," alisema Kassimu kwa upole mwingi. Upole wake huwa unakuja akiwa ameshapanga kitu. "Shemeji ni ntu wa watu, ila mambo ya ofisini yanamchanganya. Nimekuja na suluhu."

Akatoa karatasi mfukoni, akaikunjua gotini.

"Mimi nitaandika kwamba nilituza zawadi, milioni tatu, pesa yangu. Wewe utasaini hapa kwamba ile kazi ya meli nilishakulipa mkononi, milioni tatu nyingine, mbali na za sinia. Makao makuu wataridhika. Ofisi ya kodi itaridhika. Ukoo utaridhika."

Niliipitia hatua kwa hatua, kama ninavyoipitia mashine.

"Kwa hiyo nitakuwa nimepokea sita."

"Kwenye karatasi."

"Na mkononi?"

"Mkononi una heshima, shemeji. Hesabu na hiyo."

"Na kodi ya za kazi?"

"Imeshakatwa na kampuni. Nitakusainia na cheti chake leo hii. Unataka nini tena? Kesho asubuhi unampelekea kasichana kako, mchana uko ushirika."

Bi Mwanaidi akapiga makofi mara moja. "Ndiyo akili hiyo. Ndiyo maana tulimsomesha."

Nitawaambia ukweli, wasomaji wangu, maana ndilo jambo pekee ninalowauzia. Niliifikiria. Ilikuwa inatosha kila upande. Cheti ningepata. Kazi ya ushirika pengine ningepata. Fauzia angebaki na sifa yake kwa mama mkwe. Kilichohitajika ni mimi kusema nimepokea nisichopokea, na Kassimu kuwa mkarimu kwa pesa ambayo hakuitoa. Dunia imejaa watu walioandika makubwa zaidi ya hayo na bado wanakula vizuri.

Nilimtazama Hafsa. Alikuwa ananitazama kwa macho ya kuniomba.

Nikashika kalamu.

Nilikuwa nimeinamia karatasi nilipokumbuka kwamba Witness ataniuliza, na mimi sipendi kuulizwa kitu nikiwa sijajiandaa. Nikainua kichwa. Sikuwa na nia ya kumtega mtu. Nataka hilo lieleweke.

"Shemeji, nisije nikababaika kesho. Kampuni ilikata asilimia tano. Gladness ameniambia zilitoka milioni mbili na laki nane na nusu. Kwenye sinia zilihesabiwa milioni tatu kamili. Ile laki moja na nusu ya juu nisemeje?"

Kassimu hakufikiri. Angefikiri, pengine leo nisingekuwa na cha kuwaandikia.

"Ya kwangu," akasema. "Niliijazia mwenyewe. Unaona sasa? Nawaambia ni zawadi, hamsikii."

Hafsa akacheka.

Halikuwa cheko kubwa. Lilitokea puani, kama mtu aliyenusa kitu.

"Ya nani?" akauliza.

"Hafsa, nyamaza, tunamaliza," alisema Bi Mwanaidi.

"Hapana, mama mkubwa, nimsikie vizuri. Kaka Kassimu, rudia. Ile laki moja na nusu ni ya nani?"

Kassimu akatazama simu yake. Haikuwa imelia.

"Ile ni pesa yangu ya upatu," alisema Hafsa. "Nilikupa mkononi, jikoni kwangu, uliponiambia bahasha imepungua, na milioni mbili na laki nane na nusu haitangaziki. Ulisema tatu ndiyo inakaa vizuri mdomoni mwa mshereheshaji. Nikaenda kuvunja zamu yangu ya upatu, nikakuletea. Sasa leo unaniambia mbele ya mume wangu ni ya kwako?"

"Hafsa..."

"Nimekubali yote, kaka. Nimekubali uitwe mkarimu kwa jasho la mume wangu. Nimekubali utambe barabarani. Hata vocha hukuongeza! Nauli ya kuja harusini ulirudishiwa!"

Nikaweka kalamu chini. Nilisikia sauti yangu ikiuliza kwa upole, kama namuuliza mteja mashine ilianza kugoma lini.

"Bahasha ilikuja jikoni kwetu?"

Hakunitazama. "Ulikuwa Madimba kikazi. Aliileta nyumbani. Akasema, mpe mumeo, ni yake ya ile meli."

"Nawe ukairudisha kwake."

"Nikairudisha ili aimwage kwenye sinia."

"Kwa nini?"

"Nimeshakwambia kwa nini. Jana. Nikimenya mihogo."

Nilikuwa nimeitunza dharau yangu yote kwa ajili ya mtu mmoja, kwa utaratibu, bila haraka. Sasa nilitakiwa kuigawa, na sikujua vipimo. Yule alitaka sifa, huyu alitaka mwanawe asichekwe. Si kitu kimoja. Lakini vyote viwili vilinunuliwa kwa jasho langu, na hakuna aliyeniambia bei.

Kassimu ndiye aliyeamka wa kwanza. Alisimama, akajikung'uta kanzu, na uso wake ukarudi mahali pake.

"Mmesikia?" akasema. "Mama, umesikia? Mimi nilifikisha bahasha kwa mke wa mtu, ndani ya nyumba ya mtu. Kampuni haina kosa. Mimi sina kosa. Kama mkewe alimzunguka, hayo ni ya kitandani kwao. Shemeji, nenda kamwambie ofisa wako umeibiwa na mkeo."

"Kassimu, kaa chini," alisema mama yake.

"Sikai! Nilikuja na suluhu nikatukanwa. Sasa barua hakuna. Ya kazi hakuna, ya zawadi hakuna. Na kile cheti Gladness atakingoja mpaka astaafu." Akaniinamia. Alinukia manukato ya gharama. "Ijumaa njema, fundi sindano."

Akanyoosha mkono achukue karatasi yake mkekani. Haikuwapo.

Ilikuwa kwa Hafsa. Alikuwa ameigeuza upande usioandikwa, ameilaza juu ya goti, na kalamu niliyoiweka chini ilikuwa mkononi mwake.

"Unafanya nini?" Kassimu akauliza.

"Naandika barua."

"Barua ya nani? Wewe ni nani wa kuandika barua?" Akanigeukia, akicheka tena. "Muulize shemeji. Ofisa wake anataka barua ya kampuni au ya aliyetuza. Si ndivyo?"

"Ndivyo," nikasema.

"Aliyetuza ni mimi," alisema Hafsa.

Hapo Bi Mwanaidi akashuka kitandani. Nilidhani anakwenda kumnyang'anya kalamu. Alikwenda dirishani, akavuta mbao zote mbili, akaweka komeo. Nje majirani walikuwa wanaanika dagaa, na mama mkubwa hajawahi kufunga dirisha lile mchana tangu nimwoe binti yao.

Chumba kikawa kigiza. Hafsa akasogea karibu na ufa wa mlango, kwenye mwanga, akaendelea. Anaandika polepole, herufi kubwa. Nilikuwa begani kwake, nikasoma zikitoka.

*Mimi Hafsa, mke wa Shaibu fundi, ndiye niliyepokea bahasha ya mume wangu kutoka kwa kaka yangu Kassimu.*

Akasita. Akaandika mstari wa pili.

*Haikuwa bahasha yake ya kwanza kupita mikononi mwetu.*

"Hafsa!" Kassimu alipiga kelele, na sasa hakukuwa na shahada kwenye sauti ile, wala meneja. "Hafsa, unajua unachofanya? Unajua utatuvunja sote?"

Hafsa alinigeukia mimi, na kwa mara ya kwanza tangu tuingie nyumba ile alinitazama sawasawa. Alikuwa ananingoja niseme neno. Nilimwona anajiandaa kwa matusi, kwa talaka, kwa lolote.

"Endelea," nikamwambia. "Na kila bahasha uiwekee tarehe yake."